Kamba Ndefu Kuliko Zote

Ilikuwa sauti ya midomo. Haikuwa neno wala kikohozi wala kilio. Ilikuwa midomo iliyolowa mate ikikutana na kuachana, taratibu, mara sita au saba, kama ya mtu anayeonja mchuzi na hajaamua bado kama chumvi imetosha. Darasa lilikuwa kimya, na ukimya huo niliuagiza mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, nimewapa watoto mgongo, nikashtuka kabla sijaelewa nimesikia nini.

Sikupata nafasi ya kuelewa. Sauti ya mtoto kutoka nyuma iliniwahi.

"Madam, anakusonya!"

Darasa zima likacheka, kisha likajishika midomo.

Aliyelelewa katika nchi hii hahitaji kuelezwa maana ya mtoto kumsonya mtu mzima. Niligeuka. Alikuwa binti wa dawati la tatu, upande wa ukutani, mwenye umri wa miaka tisa hivi. Nilimwamuru asimame. Hakusimama. Aliendelea kutazama mahali fulani juu ya ubao pasipokuwa na kitu, vidole vya mkono wa kushoto vikichezea kifungo cha sweta. Kisha akasimama, kwa kuchelewa, kana kwamba amri yangu ilikuwa imetumwa kutoka mbali na ndiyo kwanza imemfikia.

"Umefanya nini?"

"Sijui, Madam."

"Hujui?"

"Sijui."

"Futa huo mstari. Anza upya."

Alifuta, akaanza upya. Nami, kwa mujibu wa utaratibu wangu, nikampa kizibo cha soda.

Ninapenda iandikwe mapema, kabla msomaji hajanihurumia, kwamba siku ile nilishtuka kwa ajili yangu. Nilidhani nimetukanwa. Hofu kwa ajili ya mtoto ilikuja baadaye sana, na hata ilipokuja niliiweka pembeni kwa karibu wiki tatu. Wiki hizo tatu ndizo ninazoziandika hapa.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika elimu. Tasnifu yangu ilihusu jinsi watoto wa madarasa ya chini wanavyoweza kufundishwa kutokata tamaa, na kwa ajili hiyo nilipewa kibali cha kukaa muhula mmoja katika shule ya msingi ya kijiji kimoja upande wa Kongwa, mwendo wa pikipiki kutoka barabara ya lami. Nilipanga chumba katika nyumba ya mwalimu wa darasa, mama wa makamo aliyefundisha Darasa la Tatu kwa muda mrefu kuliko umri wa wanafunzi wake. Kila siku, saa nane mchana, vipindi vya kawaida vilipokwisha, aliniachia watoto thelathini na wawili kwa saa moja. Tuliiita saa ya kumaliza.

Niliwafundisha kuchonga penseli na kupanga vitu vyao kabla ya kuanza. Niliwafundisha kusoma swali lote kwa kidole kabla ya kulijibu. Lakini zoea nililolithamini kuliko yote, lile ambalo kwa hakika ndilo lililokuwa tasnifu yenyewe, lilikuwa hili: mstari ukianzwa lazima uishe. Ukisimama katikati, iwe kwa kukosea, kwa kuchoka au kwa kutazama ndege dirishani, unafuta na kuanza tena pambizoni, peke yako, bila kusaidiwa na mtu. Na kila unapoanza upya unapata kizibo cha soda. Vizibo nilivikusanya dukani na kwenye grosari ya kijijini, nikavitoboa kwa msumari, na kila mtoto akawa na kamba yake ya katani ya kuvitungia, ikining'inia ukutani kwenye msumari wake. Katika shule ambayo alama ilitolewa kwa jibu sahihi pekee, nilitaka iwepo alama ya kurudi.

Bado naamini wazo lenyewe halikuwa baya. Naliandika hilo kisha nalitazama, nikijiuliza kama ni kweli au kama ni njia nyingine ya kujitetea.

Watoto waliupenda mchezo ule. Saa ya kumaliza ilipokwisha walijazana ukutani kulinganisha kamba.

"Yako fupi kama mkia wa mbuzi!"

"Yako ndefu kwa kuwa hujui kuandika."

"Madam amesema ndefu ndiyo nzuri."

"Haya, kesho nakosea makusudi mpaka nikupite."

Kweli, walianza kukosea makusudi. Ikanilazimu kuweka sharti kwamba kizibo hakitolewi mpaka niwe nimeshuhudia kwa macho yangu mtoto akisimama, akifuta na kuanza tena. Kwa hiyo hakuna kizibo hata kimoja katika kamba zile ambacho hakikutoka mkononi mwangu.

Kamba ya binti yule ilikuwa ndefu kuliko zote. Kufikia wiki ya nne ilikuwa imeizidi ya aliyemfuata karibu mara mbili. Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye maneno machache. Nyumbani kwao walizungumza Kigogo, na Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kilichonyooka. Aliishi na bibi yake. Mama yake alikuwa kibarua katika mashamba ya zabibu huko Makutupora, akirudi kila mwisho wa msimu. Alisimama katikati ya mstari mara nyingi kuliko wenzake, lakini hakuwahi kulia, kulalamika wala kutupa penseli. Alifuta na kuanza upya. Nilimwandika kwenye daftari langu la utafiti kurasa nne nzima, na nilipomsimulia msimamizi wangu wa tasnifu kwa simu, alifurahi.

"Huyo mtoto ndiye sura yako ya nne," aliniambia. "Mfuatilie huyo. Usimpoteze."

Nilimfuatilia. Ndiyo maana nilimwona mwenzake wa dawati, msichana mwembamba mwenye domo aliyekuwa jirani yao, akifanya jambo lililoniudhi. Kila mara binti yule alipoacha kuandika, mwenzake alimshikia penseli isidondoke, akaweka kidole chake cha shahada pale mstari ulipokomea, akasubiri. Binti alipoendelea, aliendelea kutoka kwenye kidole kile kile.

"Mwache," nilimwambia mwenzake. "Hapa hatusaidiani. Aanze mwenyewe."

"Lakini Madam, ameenda."

"Ameenda wapi, naye amekaa hapo?"

Darasa likacheka. Nakumbuka nilifurahi walipocheka, kwa sababu sikuwa mwalimu wa kuchekesha na niliona kwamba sasa wananizoea. Siku iliyofuata, ili data yangu isichafuliwe na msaada, nilimhamisha yule mwenzake nikamketisha dawati la mwisho.

Daftari la mazoezi ndilo lililonifumbua macho. Ilikuwa Jumatano ya wiki ya tano, jioni mapema, nimekaa mezani kwa mwalimu wa darasa nikipitia madaftari. Ufutio huondoa risasi ya penseli lakini hauondoi mfereji ambao penseli imeuchimba kwenye karatasi. Niliuinamisha ukurasa kuelekea dirishani, mwanga ukaupiga kwa pembeni, na mistari yote aliyowahi kuifuta ikajitokeza. Mtoto anayechoka husimama mwisho wa neno. Mtoto aliyekosea husimama penye kosa. Huyu alisimama ndani ya herufi. Nusu ya herufi imeandikwa, kisha uzi mwembamba unateremka kutoka kwenye tumbo la herufi mpaka ukingoni mwa ukurasa, kama mkono ulioachwa na mwenyewe. Nikafunua ukurasa mwingine. Uzi. Nikafunua mwingine.

Kesho yake nilikwenda darasani na saa. Sekunde arobaini na mbili. Sekunde thelathini na tano. Dakika moja na sekunde kumi. Mara ya tatu niliinama nikamwita kwa jina, usoni kabisa, nikapitisha kiganja mbele ya macho yake, na macho hayakukifuata. Midomo ilikuwa ikionja. Vidole vilikuwa kwenye kifungo. Kisha akanitazama, akaona nimemwinamia, akaogopa, akachukua ufutio bila kuambiwa.

Watoto walipotoka nje nilimwita yule mwembamba wa dawati la mwisho.

"Mwenzako huwa anakwenda wapi?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama swali hili nalo ni mzaha. "Sijui, Madam. Hata yeye hajui. Ila ukimshikia penseli, akirudi anaendelea palepale. Haoni aibu."

"Nyumbani je?"

"Nyumbani anamwaga maji. Wanamwita mla upepo."

Nilisoma nilichoweza kusoma kwenye simu, nikiwa nimesimama nyuma ya ofisi kwenye jiwe ambalo ndilo pekee lililopata mtandao. Nilijifunza kwamba si kila kifafa huangusha mtu. Nilijifunza kwamba kuna kinachomchukua mtoto akiwa amekaa, kikamrudisha, na watu wakasema mtoto huyu mzembe, au kiburi, au ana ndoto za mchana. Nilijifunza kwamba kina dawa. Na nilijifunza, maana maelezo yote yalilirudia, kwamba hatari kubwa kwa mtoto wa namna hiyo katika nyumba zetu ni moto wa kupikia.

Hivyo sikuwa mjinga. Kufikia Alhamisi hiyo saa kumi jioni nilikuwa nikijua kila kitu ambacho ningehitaji kujua.

Nilimweleza mwalimu wa darasa tukiwa uani, yeye akipeta uwele kwenye ungo. Alisimamisha ungo.

"Mdogo wangu, hilo neno usilitaje humu shuleni."

"Lakini dada, ni ugonjwa. Unatibika."

"Nani kasema hautibiki? Nakwambia usilitaje." Akashusha sauti. "Kuna mtoto alianguka mstarini asubuhi, darasa la pili, povu mdomoni. Hakuna aliyemgusa. Kufikia mchana dawati lake walikuwa wamelitoa nje, wanasema lina mate. Dawati, mdogo wangu! Mama yake akaja akamchukua, na hakurudi tena. Wewe utamaliza karatasi zako utaondoka. Yeye atabaki hapa na hilo jina."

"Kwa hiyo tunyamaze?"

"Sikusema tunyamaze. Nimesema ufikirie."

Kufikiri ni kazi niliyoizoea. Nilifikiri kwamba nikisema, mtoto atafukuzwa na woga wa watu, na shule ndiyo mahali pekee anapofurahi. Nilifikiri kwamba mimi si daktari, na kumpachika mtoto ugonjwa kwa kusoma kwenye simu ni kosa la kitaaluma. Nilifikiri kwamba pengine niandike barua kwa mwalimu mkuu, kisha nikafikiri ni maneno gani yatumike katika barua hiyo, kisha nikaandika rasimu tatu nisizozipeleka. Sababu hizi zote zilikuwa za kweli, nami nilizishika kama mtu anavyoshika vyeti. Nyuma yake ilikuwepo nyingine niliyokataa kuiandika hata kwenye daftari la siri. Zilibaki wiki nne za kukusanya data. Nikimtoa binti huyu, au nikiubadilisha utaratibu kwa ajili yake, sura ya nne inakufa.

Niliendelea kumpa vizibo.

Jumamosi ya wiki ya sita nilipata ujasiri nusu. Nilikwenda kwao. Bibi yake alikuwa amekaa kivulini kando ya nyumba akianika mboga ya mlenda juu ya kipande cha turubai.

"Mbukwa," alinisalimu kwa Kigogo, nami nikaitikia vivyo hivyo, kisha nikamwamkia shikamoo, akacheka kwa kuona nimechanganya.

"Marahaba. Karibu, mwalimu. Kaa hapo, kigoda hicho."

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Niliyapanga kwa sentensi fupi, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima. Lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Huyu mjukuu wangu umemfanya nini?"

"Kwa nini, bibi?"

"Zamani alikuwa anamwaga. Anatoka kuchota maji, anamwaga njiani. Anaosha chombo, kinaanguka. Mimi namchapa. Mtoto gani anamwaga kila siku? Sasa akimwaga, hasemi. Anachukua ndoo, anarudi bombani, anachota tena. Mara mbili, mara tatu. Sijamtuma! Nikamwuliza, nani kakuambia? Anasema, Madam anasema tunaanza upya." Akanishika goti. "Sasa simchapi. Umenifundishia mtoto, mwalimu. Hata ugali anasonga mwenyewe, mimi mikono hii haiwezi tena."

Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Niliyaona mafiga matatu, na sufuria nyeusi juu yake, na mwiko mrefu umeegemezwa ukutani.

Nilikuwa na maneno yangu mdomoni. Nayakumbuka mpaka leo kwa mpangilio wake: Bibi, mtoto huyu hamwagi kwa uzembe. Bibi, asikae karibu na moto. Sentensi ya pili peke yake ingetosha. Haikuhitaji daktari wala jina la ugonjwa wala kibali cha mtu yeyote.

"Ni mtoto mzuri," nilisema. "Hakati tamaa."

"Hakati," bibi akakubali.

Akanifungia mlenda mkavu kwenye gazeti, nikaupokea kwa mikono miwili, nikaenda zangu.

Jumatatu ya wiki ya nane kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa hajawahi kukosa. Kabla sijauliza, darasa lilikuwa limeshaanza kuniambia, kila mtoto akitaka awe wa kwanza.

"Ameungua, Madam!"

"Mkono!"

"Si mkono tu, mpaka hapa!"

"Jana, akisonga ugali."

Yule mwembamba wa dawati la mwisho hakupiga kelele. Alikuja mbele, akasimama karibu nami, akasema kwa sauti ya kawaida kama mtu anayetoa taarifa ya mahudhurio.

"Mkono uliingia kwenye sufuria, Madam. Mimi nilikuwa nje kwao natwanga. Aliporudi hakulia. Alimaliza kwanza kusonga. Bibi aliuona mkono wakati wa kula."

Niliwaambia waendelee kuandika. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ofisi, na kichwa changu kilikuwa kitulivu kabisa, kikihesabu. Kutoka Alhamisi ya wiki ya tano mpaka Jumapili ile ni siku kumi na saba.

Nilimkuta zahanati, kwenye benchi la nje, bibi yake pembeni. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Aliponiona alijaribu kusimama.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Kaa."

"Madam, nitaandika kwa mkono wa kushoto. Nimeanza kujaribu." Akanionyesha kwa kidole cha kushoto juu ya vumbi la benchi. Herufi ilikuwa kubwa na imepinda. Akaifuta kwa kiganja, akaanza tena.

"Acha," nilimwambia.

"Haijaisha."

"Najua. Acha tu. Usimalize."

Alinitazama kwa mshangao mkubwa kuliko siku ile nilipomshutumu kunisonya.

Tabibu wa zahanati alikuwa kijana makini. Nilimweleza faraghani kila nilichokiona, na safari hii sikutafuta maneno. Alisikiliza, akauliza maswali mawili, kisha akasema lile ambalo ningeambiwa kabla ya siku zile kumi na saba kama ningeuliza: mtoto apelekwe hospitali ya mjini akapimwe, dawa zipo, na mtu aliyeshuhudia aende akaeleze, maana daktari hataiona hali ile kwa mtoto aliyekaa vizuri mbele yake. Lakini bibi alipoitwa alitikisa kichwa. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, na sasa alikuwa ananiogopa kidogo.

"Mama yake ndiye wa kusema. Mimi mlezi tu. Mtoto kupelekwa mjini, mama yake aseme."

"Simu yake unayo, bibi?"

"Imeandikwa ukutani kwa mkaa, mvua ilifuta. Yeye ndiye anapiga."

Namba nilikuwa nayo mimi. Kabla ya utafiti kuanza kila mzazi alipaswa kutoa ridhaa, na kwa wazazi walio mbali niliruhusiwa kuomba kwa simu na kuijaza fomu kwa niaba yao. Fomu yake ilikuwa kwenye faili langu, chumbani, chini ya kitanda, namba imeandikwa kwa mwandiko wangu safi. Na mama huyo alikuwa ameshapiga mara mbili katika wiki hizo, Jumapili, kuniuliza mwanawe anaendeleaje.

Hata baada ya kuipata fomu nilikaa nayo siku mbili. Jumanne nilijiambia ni afadhali kidonda kitulie kwanza. Jumatano asubuhi msimamizi alinitumia ujumbe kuuliza kama sura ya nne itakuwa tayari mwisho wa mwezi. Niliusoma mara kadhaa. Kisha nikaenda darasani kabla watoto hawajaingia, nikaiteremsha kamba yake, nikaketi na daftari lake la mazoezi na daftari langu la utafiti, nikalinganisha kizibo kwa kizibo. Vilikuwa hamsini na vinne. Kumi na sita vilikuwa vya makosa ya kawaida ya mtoto. Thelathini na vinane vilikuwa na uzi chini ya ufutio. Kuanzia wiki ya pili nilikuwa nimeandika, kwa uangalifu na kwa tarehe, historia ya ugonjwa wa mtoto, na juu ya kila ukurasa nilikuwa nimeweka kichwa cha habari kisichohusika.

Sikumjibu msimamizi. Nilikwenda kwenye jiwe nyuma ya ofisi. Ilikuwa saa sita mchana na upepo ulikuwa ukivuma kwa nguvu, ikabidi niifunike simu kwa khanga.

Iliita muda mrefu.

"Haloo."

"Habari za kazi, mama. Ni mwalimu, kutoka shuleni kwa mwanao."

"Eh, mwalimu! Nzuri. Tunapogolea mizabibu hapa." Nyuma yake nilisikia mikasi, na wanawake wakitaniana. "Mtoto anasemaje? Jumapili usiku nilipiga simu ya jirani, bibi yake akaniambia ameungua kidogo."

"Si kidogo, mama. Lakini kidonda kinatunzwa. Nimekupigia kwa jambo jingine." Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, karatasi nikaikunja. "Mwanao ana ugonjwa unaomchukua akili kwa muda mfupi, kisha unamrudisha. Hajui unapomchukua. Ulimchukua akisonga ugali. Ndio unaomfanya amwage maji. Si uzembe. Unatibika. Anatakiwa kwenda hospitali ya mjini, na bibi anasubiri neno lako."

Mikasi iliendelea.

"Nani amesema?"

"Tabibu amesema apimwe. Lakini niliyeona ni mimi."

"Umeona mara ngapi?"

"Thelathini na nane. Hizo ndizo ninazoweza kuzithibitisha."

"Thelathini na nane." Hakuwa akiuliza. "Juzi hizi?"

"Kuanzia wiki ya pili nilipofika. Mwanzoni sikuelewa. Nilielewa wiki ya tano."

"Na sasa ni wiki ya ngapi, mwalimu?"

"Ya nane."

"Mimi nilikupigia Jumapili ile, na Jumapili nyingine. Nikakuuliza mtoto anaendeleaje. Uliniambia nini?"

Nilimjibu kwa ukweli. "Nilikuambia hakati tamaa."

Upepo uliingia kwenye simu, nikadhani amekata. Hakuwa amekata.

"Nakuja kesho," alisema. "Nitatoka na basi la kwanza. Wewe utakwenda na sisi hospitali?"

"Nitakwenda."

"Na hayo uliyoniambia mimi, utayasema mbele ya daktari? Yote, na hizo wiki?"

"Yote."

"Subiri. Niombe ruhusa. Usikate."

Nilisikia akiiweka simu chini, juu ya majani au juu ya mfuko, na hatua zake zikienda. Mikasi ikanyamaza, mmoja baada ya mwingine. Mwanamke mmoja akauliza kuna nini, mbona amebadilika uso. Na sauti ya mama yule, mbali kidogo, isiyo na hasira yoyote, ikajibu:

"Mwanangu anaumwa. Na mwalimu wake alikuwa anajua."